Ejenti wa AI hana jirani wa kumuuliza: jinsi ya kuandika maelezo ya zana zako

Ejenti ni modeli ya AI inayofanya kazi kwa kuita zana, yaani vipande vya msimbo ulivyoiandikia, na inajua ya kuita kwa kusoma maelezo yake. Mwanzo maelezo ya zana yangu yalikuwa hivi: “Inatuma malipo.” Basi, maneno mawili, nikaona nimemaliza, si msimbo ni wangu na mimi najua inafanya nini. Ilikuwa boti ya WhatsApp ya duka moja la vifaa vya ujenzi, modeli inaongea na mteja halafu mteja akitaka kulipa inaita STK push ya M-Pesa (ombi linalotokea kwenye simu ya mteja aweke PIN) kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Siku ya kwanza tunajaribu, fundi wa pale dukani kajifanya mteja, ejenti akaita zana, zana ikarudisha kwamba ombi limekubaliwa, na ejenti akaandika bila wasiwasi “Asante, malipo yamepokelewa, njoo uchukue mabati yako.” Wakati huo simu ya fundi bado inamwomba PIN, hajabonyeza chochote!

Nililaumu modeli kama dakika kumi hivi, halafu nikarudi kusoma nilichoandika.

Sasa angalia. Ukiipigia Daraja, jibu la kwanza likija na ResponseCode 0 maana yake ombi limepokelewa tu, mteja amelipa au hajalipa hiyo inakuja baadaye kwenye kolibaki (ujumbe ambao Daraja inautuma yenyewe kwa programu yako), na huko nako kuna ResultCode ambayo 0 yake ndiyo amelipa kweli. Sifuri mbili, maana mbili. Kijana mpya ofisini angemgeukia jirani amuulize, lakini ejenti hana jirani, ana jina la zana, maelezo na skima ya paramita tu (orodha ya vitu vya kujaza na aina zake), iwe unatumia MCP, ule utaratibu wa Anthropic wa kuunganisha modeli na zana uliotoka Novemba 2024, au njia nyingine yoyote. Kwa hiyo andika kama unamwachia duka mtu ambaye hajawahi kulifungua na wewe simu umezima.

Yangu nikaibadilisha ikawa hivi:

“omba_malipo: Inatuma ombi la M-Pesa kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. Itumie mteja akishakubali kiasi. HAITHIBITISHI kwamba amelipa, kwa hilo ita angalia_malipo. Usiiite tena kwa oda ileile kabla ya kuangalia, mteja atapata ombi la pili. Kiasi ni shilingi kamili, bila senti.”

Ona sehemu kubwa inasema isitumike lini. Hapo ndipo wengi tunaruka, tunasifia zana kama tangazo la redio na ejenti hahitaji sifa, anahitaji kujua mpaka uko wapi.

Paramita nazo, usiandike “namba ya simu” ukaondoka. Watu wataandika 07 kitu, wengine +254, na Daraja inataka ianze 254, jumla tarakimu 12, bila alama ya kujumlisha. Iandike fomati na mfano wake kabisa, ila mimi naona kama msimbo unaweza kuirekebisha yenyewe basi irekebishe huko ndani, maelezo si mahali pa kuficha uvivu wako. Na kama thamani zinazokubalika ni chache, mfano hali ya oda, ziorodheshe kwenye skima: inasubiri, imelipwa, imekataliwa. Ukiacha wazi ejenti atabuni ya nne.

Halafu saa, hii ndiyo ilinichekesha. Mteja kaandika “nileteeni kesho saa mbili asubuhi”, ejenti kaweka 02:00, yaani lori la kokoto lifike watu wamelala. Siku hizi kwenye paramita ya muda nimeandika: mteja anayeandika Kiswahili anahesabu saa za Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00, saa za Afrika Mashariki, UTC+3, na akisema “saa tatu” bila kutaja asubuhi au usiku, muulize. Hakuna modeli itakayokisia hilo kila mara, liandike.

Erori ndizo zinasomwa kuliko kitu chochote, kwa sababu zinafika pale ejenti amekwama. “Imeshindikana” haimsaidii, atajaribu tena na tena. Zana ikipata ResultCode 1032 mimi narudisha “Mteja ameghairi mwenyewe, muulize kabla ya kutuma tena”, ikiwa 1 ni “Salio lake halitoshi, mwambie aongeze kisha ajaribu”, ikiwa 1037 ni “Hatukupata jibu kutoka simu yake, mwambie aiwashe kisha ajaribu”. Kila moja inasema kilichotokea na hatua inayofuata.

Majina yasifanane sana. Nilikuwa na pata_oda, leta_oda na tafuta_oda, hata mimi nilikuwa nachanganya, nikaziunganisha ikabaki moja. Na funguo za siri usiziweke kwenye maelezo hata kwa mfano, modeli inaweza kuzitapika kwa mteja.

Kujaribu: chukua meseji kama ishirini za wateja vile zilivyo na makosa yake, “nipe ile ya jana”, “nilipie mia tano kwanza”, mpe ejenti halafu soma logi (rekodi ya alichofanya) uone aliita nini na alijaza nini. Akikosea, rekebisha maelezo kwanza kabla hujagusa promti, yale maagizo ya jumla unayompa. Na ukibadilisha msimbo badilisha maelezo kwenye komiti hiyohiyo (unapohifadhi mabadiliko ya msimbo), mimi niliwahi kugeuza “simu” ikawa “namba_ya_simu” nikasahau mfano ulio chini ya maelezo, ejenti akaendelea kutumia jina la zamani jioni nzima.