Kuweka mteremko wa udongo kuzunguka msingi kabla ya masika

Masika yakikaribia Dar es Salaam, wengi hukimbilia kupaka rangi upya ukuta uliovimba na kumenyeka kwa chini. Rangi haina kosa. Ukuta unanyonya maji yanayotuama kwenye msingi. Piga hesabu: mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Bila gata, zote zinaangukia kando ya ukuta.

1. Pima. Simamisha kigingi ukutani na kingine mita 3 mbele. Funga kamba, isawazishe kwa mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji, usawa wake huonyesha ncha mbili zilizo sawa), kisha upande wa nje ishushe sentimita 15. Kamba hiyo ndiyo uso wa ardhi yako mpya. Rudia pande zote za nyumba.

2. Ng'oa majani, mizizi na maua yaliyobana ukuta. Kifusi kilichobaki wakati wa ujenzi kitoke pia.

3. Jaza na ushindilie. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Watu hujazia mchanga kwa kuwa ulibaki pale uani. Mchanga hupitisha maji: juu utaona mteremko mzuri, kumbe maji yanazama moja kwa moja hadi kwenye msingi. Mfinyanzi mweusi nao usiuguse. Ukilowa unavimba na kusukuma msingi, ukikauka unapasuka na nyufa zinakuwa njia ya maji. Tafuta moramu (udongo wenye changarawe unaotumika barabarani), au udongo mwekundu wenye mfinyanzi kiasi. Mwaga tabaka la sentimita 15, nyunyiza maji kidogo, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo umwage lingine.

4. Udongo uishie sentimita 15 chini ya usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba. Ukiupandisha kupita nailoni ya kuzuia unyevu, umeupa unyevu daraja la kuingilia kwenye tofali, na mchwa watapanda bila wewe kuwaona. Nafasi ikikosekana, chimba ushushe ardhi ya nje.

5. Mwisho wa mteremko weka mfereji, funga gata, panda ukoka.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, ukuta wa jirani uko mita moja na nusu tu. Hizo mita 3 nitazitoa wapi?
Jibu: Usilazimishe, ndugu yangu. Laza udongo kwa nafasi iliyopo, kisha jenga mfereji wa zege kati ya kuta mbili, uteremke sentimita 1 hadi 2 kila mita kuelekea mbele. Maji ya paa lako yasiishie kwa jirani.

Swali: Naweza kumwaga zege kuzunguka nyumba niachane na udongo?
Jibu: Zege ni zuri, ila linafuata udongo wa chini yake. Usiposhindilia litatitia upande wa ukuta, na hapo utakuwa umejenga bwawa. Shindilia kwanza, kisha zege literemke sentimita 2 kila mita.

Swali: Barabara imeinuliwa, sasa nyumba yetu iko bondeni. Mama analala na ndoo mlangoni.
Jibu: Pole sana, dada. Mteremko peke yake hautatosha. Chimbeni mfereji wa kukinga upande wa barabara, mita kadhaa kabla ya nyumba, uyazungushe maji pembeni kuelekea chini. Anzeni na huo, wiki hii ikiwezekana. Udongo wa ukutani utafuata.