Mche wa kahawa umegeuka njano? Usome kwanza kabla hujashika mbolea

Ukiona mche wa kahawa umeanza kuwa njano usikimbilie urea. Najua ndo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani, njano basi hauna naitrojeni, tupia urea tuone. Ila njano ziko za aina nyingi, na ukiweka mbolea isiyohusika unaweza kuudhoofisha mche zaidi ya ulivyokuwa, manake kwenye mizizi madini mengine yanagombania mlango mmoja, ukijaza moja lingine linabaki nje hata kama udongoni lipo.

Cha kwanza angalia jani lipi limeanza. La chini lililozeeka au la juu kabisa kwenye ncha? Hapo umeshapata nusu ya jibu. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu yanahama, mche ukipungukiwa unayatoa kwenye majani ya zamani unayapeleka kwa machanga, kwahiyo ya chini ndo yanachakaa kwanza. Kalsiamu, chuma, zinki na boroni hayahami kirahisi, yakikosekana ncha ndo inaumia.

Tuseme imeanzia chini. Njano imesambaa jani zima na mche umedumaa, hiyo naitrojeni. Kingo za jani zimeungua kahawia kama zimepitiwa na moto, potasiamu. Fosforasi ni ngumu kidogo kuiona, jani linafifia linaanza kuwa na rangi ya shaba au wekundu na mizizi inakuwa michache, na kwa kuwa fosforasi haitembei udongoni, ichanganye kwenye shimo kabla ya kupanda, ukiinyunyiza juu baadaye inachelewa mno kufika.

Sasa magnesiamu, hii ndo inawachanganya wengi. Kata jani la chini ulinyanyue kwenye mwanga. Ukikuta mshipa wa kati na vimishipa vyake vya pembeni vimebaki kijani, halafu katikati yake ni njano, yaani picha kama mifupa ya samaki, hiyo ni magnesiamu. Mi nilishawahi kuwa na miche ya hivyo nikadhani imepungukiwa chakula kwa ujumla, nikaiongezea mbolea yenye potasiamu nyingi, wiki chache mbele njano ikapanda mpaka majani ya katikati. Potasiamu ikizidi inaizuia magnesiamu kuingia, na hata chokaa ya kawaida ambayo ni kalsiamu tupu inafanya hivyohivyo. Kama udongo wako una tindikali na magnesiamu ni kidogo, tafuta chokaa ya dolomaiti, ile ina kalsiamu na magnesiamu pamoja.

Ikianzia juu: jani changa limepauka karibu kuwa jeupe lakini mishipa yake inaonekana kama wavu wa kijani, hiyo chuma, na mara nyingi sio kwamba udongo hauna chuma, ni chokaa imezidi au maji yanatuama. Majani membamba madogo yamesongamana kwa kuwa pingili zimekuwa fupi, zinki. Ncha imekufa, vichipukizi vinatoka vingi pembeni kama feni na majani yamejikunja, fikiria boroni, hasa kama kulikuwa na ukame.

Lakini kabla hujaamua chochote ng'oa mche mmoja, usiuonee huruma. Osha mizizi uangalie. Kama mzizi mkuu umepinda kama ndoano toka kitaluni, au mizizi ina vinundu vya minyoo fundo, au ni myeusi inanuka, basi jani linasema njaa ila tatizo ni mdomo, mbolea yoyote haitasaidia. Hii hatua watu wanairuka sana na inaniuma, miche mingi inalishwa bure.

Pia pima pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi. Kahawa inapenda kama 5 mpaka 6, chini ya 5 aluminiamu inaanza kuchoma mizizi. Na samadi iwe imeoza vizuri, ile mbichi inaunguza, na takataka kavu ukizichanganya kwenye udongo vijidudu vinavyoziozesha vinakula naitrojeni ya mche.

Kutibu: weka naitrojeni kidogokidogo mara kadhaa wakati udongo una unyevu, izungushe mbali na shina, isiliguse kabisa. Kwa magnesiamu pulizia magnesiamu salfeti gramu 100 kwenye lita 10 za maji, zinki salfeti gramu 30 kwa lita 10 inatosha miche midogo, asubuhi mapema au jioni, jua kali linaunguza majani. Boroni kuwa nayo makini sana, tofauti ya dozi na sumu ni ndogo, fuata kibandiko.

Usipulizie yote siku moja. Acha miche mitano bila dawa, ifunge kamba uijue, halafu baada ya wiki tatu linganisha jozi mpya za majani. Usiangalie ya zamani, sehemu iliyoshakauka hairudi kijani. Jozi mpya ikitoka safi kwenye iliyopuliziwa na ile ya kamba bado ni njano, umepatia, endelea na shamba lote. Zikifanana, rudi kwenye mizizi.