SOMO: Shule yenu imepokea watoto kutoka makao ya watoto? Soma hapa kabla hujanitumia pm

Habari za jioni wakuu.

Kila Januari ni wimbo uleule. Pm inajaa: "Mwalimu, tumeletewa watoto sita kutoka kituoni, tuanzie wapi?" Namjibu mmoja, kesho yake anakuja mwingine na swali hilohilo. Mwaka huu naandika mara moja. Ukiuliza jambo ambalo limo humu nitakutajia namba ya hatua tu, na usininunie.

Mimi ni mwalimu wa malezi, shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Jirani yetu kuna makao ya watoto, na huu ni mwaka wa kumi na moja tunapokea watoto wao. Sijasomea ustawi wa jamii. Ninayoyajua nimeyapata kwa kukosea, na mengine kwa kuwaona wenzangu wakikosea.

Kwanza, acheni kuwaita wote yatima. Waliofiwa wapo. Lakini wapo wenye mama, baba au bibi mahali fulani. Kuna aliyetolewa nyumbani kwa sababu ya kipigo, kuna aliyeokotwa stendi, kuna ambaye mzazi wake yuko gerezani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inazungumzia mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, haikusema lazima wazazi wawe wamekufa. Na mwingine hata kituoni hakai, yuko kwenye familia iliyompokea kupitia ustawi wa jamii, yale yanayoitwa malezi ya kambo (jina lenyewe linapotosha, watu wanadhani ni habari za mama wa kambo). Huyo naye somo linamhusu.

Hatua ya 1: Mpokee. Cheti kitafuata, sare itafuata.

Hatua ya 2: Jina. Usiandike jina ulilotajiwa na dereva aliyemleta. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii jina lililo kwenye faili, na kama cheti cha kuzaliwa kipo, nakili herufi kwa herufi. Watoto hawa wanaweza kuja na majina matatu: la nyumbani, la polisi na la kituo. Ukikosea Darasa la Kwanza, kosa linaingia kwenye rejista, linaingia PReM (mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi), linakwenda Baraza la Mitihani kwenye upimaji wa Darasa la Nne, na likifika Darasa la Saba kulibadilisha ni shughuli. Miaka ikipita cheti cha kuzaliwa cha RITA kinatoka na jina jingine. Kijana anaomba mkopo wa elimu ya juu huku karatasi zake zinasomeka kama za watu wawili. Asiye na cheti, aanziwe safari sasa hivi, na njia inapitia ustawi wa jamii. Anzeni wakati afisa aliyempokea bado yuko kwenye halmashauri yenu, maana akihamishwa anaondoka na yote aliyokuwa nayo kichwani.

Hatua ya 3: PReM. Kama alishasoma kwingine, shule anakotoka imhamishe kwenye mfumo. Msimwanzishe upya kama mgeni.

Hatua ya 4: Mtu wake. Hapa vuta kiti.

Walezi wa kituo wanafanya kazi kwa zamu. Aliyekuja kikao cha wazazi mwezi wa tatu siye atakayekuja mwezi wa tisa. Shuleni nako kuna walimu kumi na wanane. Kwa hiyo mtoto anazungukwa na watu wazima kuanzia alfajiri mpaka usiku, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba jana alifeli hesabu. Kituo kitaje mlezi mmoja, kwa jina na namba ya simu, ambaye ndiye mzazi wake kwa mambo ya shule: ndiye anayesaini ripoti, ndiye anayepigiwa, ndiye anayekuja kikao. Shule nayo itaje mwalimu mmoja. Usimpangie mwalimu siku ya kwanza. Mpe mwezi, utaona mwenyewe anamsogelea nani wakati wa mapumziko.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa sijui haya. Nilikuwa na mtoto wa Darasa la Tano, mara tatu mfululizo hakufanya kazi ya hesabu. Nikamwambia lile neno ambalo sote tunalisema bila kufikiri: "Toka. Kesho usikanyage hapa bila mzazi." Akachukua mfuko wake akatoka. Kituo walijua yuko shule, mimi nikajua yuko kituoni. Jioni walipohesabu watoto akakosekana, wakapiga namba ya shule waliyokuwa nayo, na namba hiyo ilikuwa ya mwalimu mkuu aliyeshastaafu. Alipatikana kesho yake mchana, Dumila, barabara ya Dodoma, amepewa lifti na lori. Alikuwa anamtafuta mama yake. Mwalimu alisema aje na mzazi, na yeye alikumbuka kwamba zamani waliishi karibu na soko.

Sikuadhibiwa. Hakuna aliyeniuliza hata swali, maana kila mwalimu pale ofisini alikuwa ameshalisema neno hilo. Basi:

Usimwambie "lete mzazi". Mwambie, "Kesho mama Fulani anipigie," umtaje kwa jina, kisha umpigie wewe mwenyewe, usimwachie mtoto ujumbe.

Usimrudishe nyumbani katikati ya siku. Kwa sare, kwa mchango, kwa nywele, kwa lolote. Wewe unajua unamrudisha wapi?

Asipofika mpaka saa mbili na nusu, piga simu kituoni. Usisubiri rejista ya Ijumaa. Na kila mwalimu mkuu akibadilika, kituo wapewe namba mpya siku hiyohiyo.

Ukifika kwenye somo la familia, waambie darasa zima wachore watu wanaoishi nao. Ukianza na "chora baba na mama" kuna mtoto atakaa na penseli mkononi kipindi kizima, na wenzake watamwona.

Hatua ya 5: Pima anachokijua, usipime urefu wake. Umri wa miaka kumi na mbili haumaanishi anasoma. Mpe KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ya Darasa la Kwanza mkiwa wawili tu, si mbele ya darasa. Akikwama, msimweke na watoto wa miaka sita, magoti yanapita dawati na ndani ya wiki mbili hayupo. Kama kata yenu ina darasa la MEMKWA, yaani la watoto walioikosa elimu ya msingi kwa wakati wake, hapo ndipo pake. Kama haipo, akae darasa linalokaribia umri wake, na mwalimu wake ampe nusu saa ya kusoma kila siku. Tumewahi kumtoa mtoto kwenye silabi mpaka hadithi fupi kwa mihula miwili kwa njia hiyo, na wala si miujiza, ni kutokosa siku.

Hatua ya 6: Kazi za nyumbani. Nenda kituoni uone wanasomea wapi. Ukikuta watoto thelathini, meza mbili na taa moja, usitoe adhabu kwa kazi isiyofanyika. Sisi tunawaachia darasa moja wazi mpaka saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 7: Usimtangaze. "Watoto wa kituo wapite mbele wachukue madaftari" isisikike paredi. Wafadhili wakija na kamera, vitu vikabidhiwe ofisini na mtoto achukue kimya kimya kwa mwalimu wake. Na historia yake si ya ofisi nzima. Mwalimu wake na mkuu wanatosha.

Hatua ya 8: Michango. Ada hakuna, lakini uji una mchango. Kamati ya shule na kituo wamalizane mwanzoni mwa mwaka, watu wazima kwa watu wazima. Mtoto asibebeshwe deni.

Hatua ya 9: Akiondoka. Ataondoka, wengi huunganishwa na ndugu zao, na ndivyo inavyotakiwa. Mpe madaftari yake yote, ripoti, na barua fupi kwa mwalimu anayempokea: alipofikia, anachopenda, kinachomtisha. Kama yuko Darasa la Saba na nyumbani hakuna dharura, waombe ustawi wa jamii wasubiri mtihani wa Septemba upite.

Nimemaliza. Karibuni maswali.

---

Mtoto_wa_Mjini: Mkuu somo zuri. Sasa kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa anapokelewa au?

Mwalimu wa malezi: Hatua ya 1 na ya 2.

Kibabage: Mwalimu unawadekeza hao. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Ukimwogopa mtoto kwa sababu ni wa kituoni atakupanda kichwani.

Mwalimu wa malezi: Sijaandika mahali popote kwamba wasikanywe. Ila kwa kuwa umeleta fimbo: kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na vinaandikwa kitabuni. Wangapi hapo kwenu wanaandika? Na mtoto aliyetolewa kwao kwa sababu ya kipigo, ukimwinulia fimbo hasikii kosa lake. Anamwona yule wa nyumbani. Wangu mmoja alikuwa anajikojolea akiona tu mwalimu ameshika rula. Ukitaka kubishana endelea, mimi nina maswali mengine.

Mama Tausi: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi kituoni, Iringa. Nina binti wa miaka tisa, shule wanalalamika anaiba chakula. Uji anakunywa, kisha anaficha vipande vya mihogo ya wenzake kwenye mfuko wa madaftari mpaka vinaoza. Huku kituoni anashiba. Tumemsema mpaka tumechoka.

Mwalimu wa malezi: Marahaba mama, asante kwa kuuliza. Hilo nimeliona kwa watoto wanne au watano. Mtoto aliyewahi kulala njaa siku nyingi tumbo linashiba mapema, kichwa kinachelewa. Anaweka akiba. Tulichofanya sisi: mwalimu wake alimwekea kopo lenye mfuniko kabatini, ndani kuna karanga au kipande cha muhogo, akaambiwa ni lako, ukitaka uje uchukue, hutaulizwa. Wiki ya kwanza alikuja mara sita kwa siku, mara nyingine kufungua tu na kufunga. Mwezi wa tatu kopo likasahaulika. Msimwite mwizi mbele ya wenzake, jina hilo likishika halitoki. Na wewe kituoni mfanyie hivyohivyo, kopo dogo chini ya kitanda. Kama ana mengine, hashiki usingizi au anashtuka akiguswa, mrudishie afisa ustawi. Hilo limezidi kopo. Njoo unipe habari.

Mama Tausi: Nimeelewa. Kopo nimeshapata, la majani ya chai.

DonaTz: Habari, nataka jina la hicho kituo chenu nije na timu yangu tugawe zawadi na kupiga picha chache za page yetu.

Mwalimu wa malezi: Hatua ya 7. Jina sitoi.

Mzaramo_Leicester: Mwalimu, nipo Uingereza, natunza watoto wa namna hii nyumbani kwangu mwaka wa nne sasa. Huku kila shule ina mwalimu mmoja aliyeteuliwa kisheria kwa ajili yao, kama hatua yako ya 4. Tena tangu 2014 sheria inataka kila halmashauri iwe na mtu wanamwita mkuu wa "virtual school", yaani shule isiyo na majengo wala kengele. Kazi yake ni kufuatilia hao watoto wote wa eneo lake, wako shule gani na wanaendeleaje. Na kila muhula tunakaa kikao, mimi, mwalimu na afisa ustawi, na mtoto mwenyewe anasema lake, tunaandika mpango wake wa masomo. Pesa ya ziada ipo. Lakini usidhani ni peponi, wanahamishwahamishwa shule mpaka unalia.

Mwalimu wa malezi: Hii nimeipenda sana. Pesa hatuna, ila kikao cha kila muhula kinataka nini zaidi ya benchi na kaunta buku? Hebu nieleze, mtoto anaulizwa maswali gani? Na mpango una kurasa ngapi?

Mzaramo_Leicester: Kurasa ni nyingi mno, yenye kazi ni moja. Unaenda vizuri wapi, unakwama wapi, nani akusaidie, mpaka lini. Kikao kijacho mnaanza kwa kusoma hiyo. Mtoto asiyetaka kuongea anachora au anaandika kabla.

Mwalimu wa malezi: Naianza muhula huu. Nitaiongeza kama hatua ya 4 na nusu.

Chaki_Vumbi: Mwalimu, yule mtoto wa Dumila yuko wapi siku hizi?

Mwalimu wa malezi: Yupo. Mengine ni yake.

Chaki_Vumbi: Sawa, samahani. Swali jingine: mtoto wangu mmoja amenidokeza mambo ya kituoni ambayo si mazuri. Mlezi ndiye mtu wake wa hatua ya 4. Naenda kwa nani?

Mwalimu wa malezi: Hilo swali zuri kuliko yote, na nilipaswa kuliweka kwenye somo. Usimpigie mlezi. Usimhoji mtoto mara tatu tatu, msikilize mara moja, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Mwambie mkuu wako, nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri leo, au dawati la jinsia na watoto polisi. Ukikwama piga 116, ni bure. Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu. Nitumie pm, hii pm naipokea.

Fundi_Cherehani: Mimi si mwalimu ila nashona sare. Vituo vingi wananiletea kitambaa na nembo ya kituo nishone kifuani kwenye sweta. Nilikuwa nashona tu, leo nimesoma hatua ya 7 nikajiuliza.

Mwalimu wa malezi: Waambie nembo ibaki kwenye magodoro. Asante fundi.

Fundi_Cherehani: Na kingine, sketi na kaptula za hao watoto ziachiwe upindo mpana, inchi tatu au nne. Zinarithiwa na wadogo na kushushwa kila mwaka. Mwaka wa pili ule mstari wa upindo wa zamani ukionekana, upigwe pasi na kitambaa chenye siki kidogo kabla ya kushona upya, unafifia.

Mama Tausi: Siki ya kawaida ya dukani?

Fundi_Cherehani: Hiyohiyo, vijiko viwili kwenye kikombe cha maji. Jaribu upande wa ndani kwanza, kitambaa cha bei rahisi kinachuja.