Unataka kura za vijana wapya 2030? Anza na kitambulisho, kipaza sauti baadae

Haya nawaandikia wale wanaopiga hesabu ya kugombea huku kwetu Pemba, udiwani au uwakilishi, na kila ukiwauliza kura zitatoka wapi wanakwambia "vijana". Vijana gani yakhe? Mpiga kura mpya wa 2030 kazaliwa 2012, sa hivi yuko skuli, anapita mbele ya baraza yako na mkoba mgongoni na hata salamu yake huitikii vizuri, halafu ukija na gari la matangazo unataka akushangilie.

Huku kura haianzii kwenye sanduku. Inaanzia kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ndo lije daftari la ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na katikati hapo kuna sheha, mkuu wa shehia, na suala la ukaazi wa jimboni. Kijana akikwama hapo basi hata uhutubie mpaka sauti ikauke, siku ya kura atakua maskani anacheza keram. Kwahiyo kamata daftari lako mwenyewe, shehia kwa shehia, uandike nani anatimiza 18 lini, cheti cha kuzaliwa anacho au kimeliwa na mchwa, na jina la kwenye cheti linafanana na la skuli? Hili la majina msilidharau, huku Khamis ni Hamis na Abdalla ni Abdallah, herufi moja tu inamzungusha mtoto wa watu wiki nzima mpaka anasusa. Ukiona mgongano wa jina mapema mwambie mzazi wake alishughulikie mapema. Na usimuulize chama. Wala hamna haja ya kuuliza, huku kila mtu anajua baba ake nani anakaa baraza gani 😄

Tarehe za uandikishaji zikitoka ziangalie na msimu. Karafuu zikiwa zimeshika, kijana yuko juu ya mkarafuu toka alfajiri na hashuki kwa ajili ya foleni, na wengine wako dago, kambi za wavuvi huko, hawajulikani watarudi lini. Mtu wa kumkumbusha awe rafiki yake wa maskani, sio wewe, wewe ukimpigia simu anajua unataka kitu.

Sasa kuhusu maneno. Msijilinganishe na Maalim Seif, yule aligombea urais wa Zanzibar mara 6 toka 1995 mpaka 2020, kuna watoto wamezaliwa wakamkuta kwenye karatasi ya kura, mapenzi wameyarithi nyumbani. Wewe huna urithi huo, mkutano wako wa kwanza watakuja kukuangalia tu. Kaa nao kumi kumi, wakwambie wao shida yao, na ukiombwa ajira usiahidi, mwambie diwani anaweza nini na hawezi nini. Atanuna, ila atakukumbuka. Vocha na nauli sahau kabisa, hiyo ni rushwa na itakuangusha wewe.

Lakini kitu nilichokiona mimi kinawazuia wengi wala si hasira na siasa, ni aibu. Mtoto wa miaka 18 anaogopa kuingia kituoni mbele ya wazee akakosea. Na kweli karatasi ni 5, Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi, diwani, hata watu wazima wanachanganya. Basi kaeni jioni mchore vikaratasi vya mchezo, wagombea wawe embe, doriani na shokishoki, waweke alama ya vema, wakunje, watumbukize kwenye boksi la tambi, halafu zihesabiwe. Watacheka sana na zitakuepo kura zilizoharibika, hapo ndo unaonesha kwanini imeharibika. Akitoka hapo kashapiga kura mara moja maishani.

Wasichana wanaolima mwani mambo yao mengine. Angalia kalenda ya mwezi, siku ya kura ikiangukia bamvua, siku za maji makubwa, maji yanakupwa asubuhi ile ile na wao wako baharini na mama zao, kwahiyo ama waende kituo kinapofunguliwa saa 1 asubuhi ama wakitoka ufukweni wapitilize moja kwa moja, wakishafika nyumbani wakaoga na kupika ushawakosa. Kituo kinafungwa saa 10 jioni ila aliekuwepo kwenye foleni kabla ya hapo anapiga, mwambieni hivo mapema asije akaona saa imefika akageuza.