Ndoto yako ipimie saa

Ukiona swali la "mimi nimeumbiwa nini" linakunyima usingizi, acha kulijibu kichwani. Chukua daftari dogo, na kila usiku andika jambo moja tu: leo ni shughuli gani iliyonifanya nisahau kuchungulia simu? Fanya hivyo mwezi mzima. Mimi niliapa kwamba nimezaliwa mfanyabiashara, kumbe daftari likajaa habari za kumwelekeza mtoto wa jirani hesabu za sehemu. Biashara ilitokea mara mbili, na zote ni siku nilizopata faida!

Ukishaona kinachojirudia, usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Kitengee saa 3 kwa wiki, basi. Zinaonekana si kitu, ila kwa mwaka ni saa 156, yaani siku 19 na ushee za kazi ya saa 8. Sasa jiulize: mtu akikaa kwenye cherehani siku 19, anatoka na nini? Sketi yenye pindo lililonyooka, hiyo inawezekana kabisa. Duka lenye mafundi 6 na kibao mlangoni? Mwaka huu hapana, na wala hujashindwa maisha.

Halafu hizo saa usiziweke Jumamosi. Kuna vikao vya harusi, kuna misiba, kuna shemeji anapita "kusalimia tu". Mimi nilihamia Jumanne alfajiri, chai kwenye chupa, watoto bado wamelala.