Ni la Mjerumani Kweli? Namna ya Kufuatilia Historia ya Boma la Zamani Kanda ya Ziwa

Kanda ya Ziwa, boma lolote, yaani jengo la zamani la serikali, lenye ukuta mnene na baraza pana huitwa "la Mjerumani". Mengi si yake. Mjerumani alifungua kituo Mwanza mwaka 1892, Mwingereza akauteka mji Julai 1916. Hiyo ni miaka 24 tu. Mwingereza alikaa 45, naye alijenga. Usiandike mwaka wowote mpaka ukuta, karatasi na wazee vikubaliane.

Chukua kwanza barua ya ruhusa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kisha tafuta mahali lipu ilipobanduka yenyewe, hasa pale maji ya bati yanapodondokea, usibandue mwenyewe. Pima urefu wa matofali kumi, si moja. Kipimo rasmi cha Kijerumani kilikuwa sm 25 kwa tofali moja, cha Kiingereza kama sm 22. Lakini tofali la kienyeji husinyaa likikauka na likichomwa, kwa hiyo kipimo hiki ni dalili, si ushahidi. Msingi wa mawe nao hausemi kitu, maana Mwanza mawe yametumika zama zote. Kwaruza jointi kati ya matofali kwa msumari: chokaa humong'onyoka unga mweupe, saruji hugoma. Ukikamulia ndimu utadanganyika, kwa kuwa zote mbili zaweza kutoa povu.

Sasa zunguka jengo polepole ukitafuta mshono: ufa ulionyooka wima toka chini hadi kwenye kenchi, ambapo matofali ya pande mbili hayakuumana. Hapo paliongezwa chumba baadaye. Mabishano mengi ya mjini yanaanzia hapa: mmoja anasimulia upande wa zamani, mwingine ule ulioongezwa, na wote wanasema kweli.

Karatasi ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwenye majalada ya Kijerumani usitafute "Mwanza", tafuta "Muansa". Na jiandae, mwandiko wa mkono wa wakati ule unamshinda hata anayejua Kijerumani cha leo. Ya Kiingereza tafuta chini ya Jimbo la Ziwa, pamoja na kitabu cha wilaya, yaani daftari la kumbukumbu la maofisa wa wilaya. Mtego mkubwa uko kwenye tarehe: barua ya kuomba fedha si ya kumaliza ujenzi, na kazi nyingine ziliombewa fedha zisijengwe kabisa. Fuata jalada mpaka uone ofisi imehamiwa.

Wazee usiwaulize mwaka. Uliza kama jengo lilikuwepo ziwa lilipofurika baada ya mvua za 1961, kama chifu alisikilizia kesi pale kabla uchifu haujafutwa 1963, na kama baba zao walilitaja kabla reli haijafika Mwanza 1928. Kaa na kila mzee peke yake. Wakiwa pamoja, akishasema mkubwa wao, wengine wataitikia tu kwa heshima.

Kazi hii ina uzito, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. Boma ni changa kuliko hapo; lazima waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na maombi yasiyo na ushahidi hayaendi mbali. Piga picha ya kila tofali ulilopima, rula ikiwa pembeni, na mshono wote toka juu hadi chini. Fanya hivyo kabla ya ukarabati: fundi akishapiga lipu ya saruji, mshono hauonekani tena, na ukuta wa chokaa utaanza kuvimba kwa unyevu uliokosa pa kutokea.