Namna ya Kukagua Ndege Ndogo Kabla ya Kuruka

Ukaguzi huanzia ndani ya chumba cha rubani. Hakikisha swichi ya magneto, yaani kifaa kinachotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini, imezimwa, kisha ondoa papo hapo kufuli ya usukani, inayouzuia usisogee ndege ikiwa imeegeshwa, usiiache kwa kudhani utaikumbuka baadaye. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika jimbo la Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing Model 299 ilianguka mara tu baada ya kupaa kwa kuwa kufuli za aina hiyo hazikuwa zimefunguliwa, ingawa walioirusha walikuwa marubani wazoefu. Ndege ile haikuwa ndogo, lakini kosa lenyewe halichagui ukubwa, na ndilo lililowafanya marubani waanze kutumia orodha ya ukaguzi iliyoandikwa.

Mafuta yanahitaji muda wako mwingi zaidi. Usiridhike na geji, bali fungua kila tangi na upime kina kwa kijiti maalumu cha ndege hiyo. Kisha chota sampuli kutoka kila vali ya chini na uitazame kwenye mwanga. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini na kuonekana kama tabaka au matone. Hata hivyo, chombo kikijaa maji matupu hutaona tabaka lolote, na hapo ndipo rubani mwenye haraka hudanganyika. Kwa hiyo angalia pia rangi, ambayo kwa 100LL, aina ya petroli ya ndege ndogo, ni buluu, na unuse. Ukipata maji, endelea kuchota hadi yaishe, yasipoisha, usiruke. Funga vifuniko kwa mkono wako mwenyewe, kwani kilicholegea huruhusu mafuta kufyonzwa nje ndege ikiwa angani.

Oili, magurudumu, breki, propela na tundu la kupimia kasi, ambalo wadudu hupenda kujenga ndani yake, havichukui muda mrefu. Mtu akikukatiza kwa mazungumzo, rudi nyuma hatua kadhaa kwenye orodha, na ukiwa na shaka uanze upya.

Kabla ya kuingia njia ya kurukia, zungusha usukani kushoto: kibawa kidogo cha nyuma ya bawa la kushoto kinapaswa kuinuka na cha kulia kushuka. Vikienda kinyume, jambo linaloweza kutokea nyaya zikiunganishwa vibaya wakati wa matengenezo, zima injini na umwite fundi.